Picha ya Mtu kama Zana ya Kufundishia: Kupiga Picha na Kupigwa Picha

Utangulizi

Ndugu Mwanachuo, katika mazoezi ya kufundisha haina budi itafika siku utakapowaambia watoto walete picha kutoka nyumbani. Ni zana nyepesi isiyo na gharama, na nyumba nyingi zina picha moja au mbili ukutani, hata kule Suji na Chome ambako gari hupanda kwa taabu wakati wa masika. Kwa sababu ya wepesi huo, walimu wengi huiingiza picha darasani pasipo kuifikiria. Mimi nilikuwa mmoja wao, na makala haya yametokana na kosa nililolifanya mwenyewe.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kabla sijarudi chuoni kuchukua stashahada, nilifundisha Darasa la Tano katika shule moja ya milimani, wilaya ya Same. Somo lilikuwa Kiswahili, na mada ilikuwa kueleza sura na mavazi ya mtu. Msichana mmoja alileta picha ya mama yake iliyopigwa studio mjini Same. Mama huyo, akiwa bado kijana, alikuwa amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege. Mkononi alishika mkonga wa simu usio na waya wowote, na miguuni alivaa viatu vyeupe vyenye visigino virefu.

Niliinua picha ile ili darasa zima liione, nikamwuliza mtoto, "Mama yako amewahi kupanda ndege?" Akajibu, "Hapana, mwalimu." Nikauliza tena, "Na viatu hivi ni vyake?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni vya jirani. Nami nikidhani nimepata nafasi nzuri ya kufundisha methali, nikaandika ubaoni: *Nguo ya kuazima haisitiri maungo*. Darasa zima likacheka. Mtoto aliichukua picha yake, akaitia ndani ya daftari, na kwa siku mbili hakuonekana shuleni.

Siku ya tatu alikuja na bibi yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Hakuja kugomba. Aliniambia kwa upole: "Viatu tuliviazima kwa jirani, na jioni ileile tukavirudisha. Binti yangu alikuwa anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Alitaka mtoto wake abaki na sura yake akiwa amependeza. Sasa, mwalimu, hapo kosa ni lipi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi yeye na mjukuu wake, kisha nikawaomba radhi tena mbele ya darasa. Hata hivyo swali la bibi lilibaki nami miaka mingi. Je, mtu anayejipamba kwa ajili ya picha anasema uongo? Na kama hasemi uongo, mwalimu afundishe nini kuhusu picha hiyo?

Lugha yetu yasemaje?

Kabla ya kwenda mbali, yafaa tuisikilize lugha tunayoifundisha. Mtu aliyetoka studio husema, "Nimepiga picha." Kwa kufuata kitendo chenyewe, aliyepiga ni fundi mwenye kamera, na huyu msemaji alipigwa. Lakini hakuna anayemsahihisha, kwa kuwa kila Mswahili anaelewa. Msemaji alikwenda kwa hiari yake, alichagua nguo, alipanga mkao, alilipa, na picha ni mali yake. Yeye ndiye mtendaji, na fundi ni msaidizi wake.

Mtu huyohuyo, akinaswa na kamera akiwa hajajiandaa, au akiamriwa asimame apigwe, aghalabu hubadili kauli. Husema, "Nilipigwa picha," au hulalamika, "Walinipiga picha bila kuniambia." Sasa yeye ni mtendwa. Siwezi kusema kwamba hii ni kanuni ya sarufi isiyovunjwa, maana wasemaji huchanganya. Lakini tofauti hiyo imo katika usemi wa kila siku, na ndani yake mna jibu la swali la bibi. Jambo la kwanza la kuuliza juu ya picha ya mtu ni hili: mwenye sura alikuwa mtendaji au mtendwa? Swali la iwapo viatu ni vyake huja baadaye sana, na mara nyingi halina haja ya kuulizwa.

Historia fupi ya picha ya mtu

Upigaji picha ulitangazwa hadharani nchini Ufaransa mwaka 1839, kwa njia iliyobuniwa na Louis Daguerre. Mfaransa mwingine, Hippolyte Bayard, alikuwa na njia yake mwenyewe, lakini hakupewa heshima aliyoitarajia. Mwaka 1840 alijipiga picha akiwa kifua wazi na macho yamefumba, mfano wa maiti ya mtu aliyekufa maji, akaandika kwamba huyo ndiye Bayard aliyejitosa kwa kukata tamaa. Kwa kweli aliishi hadi mwaka 1887. Basi mwaka mmoja tu baada ya kutangazwa kwa ufundi huu, mtu alikwisha kujipanga mbele ya kamera ili kusema jambo lake. Kifo chake hakikuwa cha kweli, ila manung'uniko yake yalikuwa ya kweli.

Huku kwetu, Unguja ilikuwa na studio za picha tangu karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na familia za mjini zilikwenda hapo kuacha kumbukumbu. Huko Lamu, katika miaka ya 1960, Omar Said Bakor alijulikana kwa ufundi wa kuunganisha picha kadhaa kuwa moja, hata mtu akaonekana mahali ambapo hakupata kusimama.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Afrika Magharibi. Seydou Keïta alifungua studio mjini Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, si mbali na stesheni ya reli. Aliweka tayari vitu vya kuazimisha wateja wake: suti, saa za mkono, kalamu, redio, skuta, hata gari. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka lake la kitandani. Karani mdogo alitoka hapo akionekana bwana mkubwa. Leo picha hizo zinaheshimiwa katika majumba ya sanaa ya dunia nzima, wala hakuna anayesimama mbele yake na kuuliza kama saa ilikuwa ya mvaaji.

Karibu zaidi nasi, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa. Wateja wao wengi walikuwa watu waliotoka bara kutafuta kazi, nao walizituma picha hizo kwa jamaa zao nyumbani. Mwanachuo ataona mara moja kwamba yule mama wa Same aliyesimama mbele ya ndege alikuwa akifanya jambo lililofanywa na maelfu ya wasafiri wenzake. Ndege ile haikusema, "Nimeruka." Ilisema, "Naondoka, nami natumaini mema."

Sasa tuangalie upande wa pili. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifanya kazi katika Upare tangu mwanzo wa karne ya 20, nao, kama wamisionari na watawala wengi wa enzi ile, walikuwa na kamera. Picha nyingi za misheni hiyo zimehifadhiwa, na baadhi zinaweza kuonekana katika hazina ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Ni hazina ya thamani kwetu, kwa kuwa hutuonyesha nyumba, mavazi na nyuso za wazee wetu. Lakini katika picha nyingi za enzi ya ukoloni, mtu huandikwa kabila lake tu, au kazi yake tu, pasipo jina. Mkao alipangiwa, nguo pengine alichaguliwa, na picha ilisafirishwa kwenda kuonyeshwa kwa watu ambao hatawaona maisha yake yote.

Hapa hakuna viatu vya kuazima. Huenda kila kitu kilichomo ni cha kweli: ngozi, shanga, kibuyu, hata vumbi la miguuni. Hata hivyo mtu mwenyewe hayumo kama yule mama alivyokuwamo katika picha yake ya studio. Kwa hiyo ukweli wa vitu vilivyomo katika picha ni jambo moja, na ukweli wa mtu ni jambo jingine. Hilo ndilo fundisho kuu la makala haya.

Kujipamba na kudanganya

Mwanachuo makini atauliza: je, basi kila kujionyesha ni halali? La hasha. Mtu akivaa koti jeupe na kujipiga picha ili auze dawa kwa jina la udaktari, huo ni udanganyifu. Anayetumia picha ya mwingine kuombea mkopo au kutafutia mchumba, naye ni mdanganyifu. Kipimo si kuazima. Kipimo ni kwamba mtazamaji anafanywa atoe mali yake, imani yake au usalama wake kwa jambo lisilokuwapo. Viatu vya jirani havikumpokonya mtu kitu chochote.

Picha ya kitambulisho nayo ina sheria zake. Pale uso hutakiwa uwe wazi na mkao uwe mmoja kwa wote, kwa sababu kazi yake ni kumtofautisha mtu na mwenziwe. Hiyo ni kazi ya haki, lakini tusiseme kwamba picha ya kitambulisho ndiyo peke yake iliyo ya kweli. Ni mara ngapi tumemsikia mzee akitazama kadi yake na kusema, "Huyu si mimi"? Anachosema ni kwamba uso ni wake, ila hakuulizwa angependa aonekane vipi.

Andalio la somo

Somo lifuatalo nimelijaribu na wanachuo wetu katika shule za milima ya Mamba na za mjini Same. Halihitaji kamera.

*Darasa:* la Tano au la Sita.

*Muda:* vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80.

*Madhumuni:* Mwisho wa somo mwanafunzi aweze (a) kueleza kwa sentensi sahihi mtu anayeonekana katika picha. (B) kutofautisha mambo aliyochagua mwenye picha na mambo aliyochaguliwa. (C) kueleza angependa yeye mwenyewe aonekane vipi, na kwa nini.

*Zana:* fremu iliyokatwa katika boksi la karatasi ngumu, khanga moja au mbili za kutundika kama pazia, vitu vya kawaida kama jembe, kitabu, mpira, kikapu na kofia, karatasi na penseli. Mwalimu alete picha yake mwenyewe ya zamani. Wanafunzi wasiagizwe kuleta picha za nyumbani katika somo hili.

*Hatua ya kwanza (dakika 15).* Mwalimu aonyeshe picha yake mwenyewe, hasa ile inayomtia haya kidogo. Aeleze nani alichagua shati, nani alimwambia asimame hivyo, na picha ilipelekwa kwa nani. Awaruhusu watoto waulize. Mwalimu anayeanza kwa kujiweka wazi huwapa watoto ujasiri, na wakicheka, wanamcheka yeye na si mwenzao.

*Hatua ya pili (dakika 25).* Wanafunzi wakae wawili wawili. Katika darasa la watoto 70 watumie makundi ya sita, na kila kundi lichague wawili. Mchoraji amchore mwenzake kwanza bila kumwuliza lolote. Kisha geuza karatasi. Sasa anayechorwa achague kitu cha kushika, mkao na pazia, aseme anataka aonekane vipi, naye mchoraji amchore tena nyuma ya fremu.

*Hatua ya tatu (dakika 25).* Michoro miwili ilinganishwe. Mwalimu aulize maswali haya na kuyaandika ubaoni:

1. Katika mchoro wa kwanza, nani alichagua mkao?
2. Katika mchoro wa pili, umechagua kitu gani, na kinamwambia mtazamaji nini?
3. Mchoro huu ungependa umwendee nani?
4. Je, kuna mtu anayeweza kudhurika kwa kuuamini?

*Hatua ya nne (dakika 15).* Kila mwanafunzi aandike sentensi tano chini ya mchoro wake wa pili. Sentensi ya kwanza itaje jina lake kamili. Sharti hili lisiachwe, kwa maana picha nyingi za zamani zimepotelewa na watu wake kwa kukosa jina.

Mambo yaliyojitokeza

Mwalimu asibashiri watoto watachagua nini. Katika shule moja ya Mamba, mwanachuo wetu alitazamia kwamba wavulana wote wangechukua kofia na kitabu, ili waonekane wakubwa na wasomi. Mvulana mmoja aliomba kikapu akakijaza mawe, akasema ni tangawizi ya baba yake, na kwamba ndiyo iliyomnunulia sare. Mwanachuo alimshauri abadilishe ili asionekane maskini. Mtoto alikataa. Katika kusahihisha tulizungumza jambo hilo kwa muda mrefu. Kikapu kilekile mikononi mwa mgeni mwenye kamera kingeweza kuwa alama ya taabu. Mikononi mwa mtoto kilikuwa alama ya fahari. Mawe yaliyomo hayakuwa tangawizi, lakini alichokisema kilikuwa kweli.

Msichana mwingine hakuchagua kitu chochote. Alitaka achorwe akiwa amegeuza uso. Mwanachuo alifanya vyema, alimruhusu. Kukataa kuonekana nako ni namna ya kujieleza, na mwalimu asikulazimishe.

Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, usimsahihishe mtu aliye katika picha. Sahihisha sentensi za mwanafunzi, tahajia yake na mpangilio wa maelezo yake. Viatu vya mama yake havimo katika mtaala.

Pili, jihadhari na methali. Methali zetu ni hazina, lakini methali iliyotolewa mahali pasipostahili huwa fimbo. Ile niliyoiandika ubaoni huonya dhidi ya kutegemea vya watu. Haikutungwa kumdhalilisha mtu aliyeazima kwa ridhaa na kurudisha jioni.

Tatu, kumbuka watoto wasio na picha. Wapo waliofiwa, wapo ambao picha zao ziliungua au zilichukuliwa na jamaa. Kumwagiza mtoto alete asicho nacho ni kumtangazia upungufu wake.

Nne, jitazame wewe mwenyewe unaposhika simu yako. Siku hizi mwalimu anaweza kumpiga picha mwanafunzi na kuituma mbali kabla kengele haijalia. Mara nyingi nia huwa njema: kuonyesha upungufu wa madawati, au kumwomba mfadhili sare. Lakini ukimtafuta mtoto mwenye shati lililochanika zaidi, ukamsimamisha mbele ya ukuta uliobomoka, umefanya kazi ya yule mpiga picha wa zamani asiyeandika majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu, na sura ya mtoto ni mojawapo. Mwombe ridhaa mzazi au mlezi, pata idhini ya mwalimu mkuu, na umwulize mtoto mwenyewe. Kama ni madawati unayotaka kuonyesha, piga picha ya sakafu.

Tano, usidharau programu za simu zinazong'arisha uso, wala usizisifu. Waulize wanafunzi wakubwa maswali yaleyale manne. Anayejipendezesha kwa ajili ya shangazi yake hana hatia. Anayebadili rangi ya ngozi yake kwa sababu ameambiwa kwamba yake haifai, huyo anahitaji mwalimu wa kuzungumza naye kwa faragha. Yeye hudhani amechagua, kumbe amechaguliwa.

Hitimisho

Ama kuhusu swali la bibi, leo ningemjibu hivi: "Bibi, kosa halikuwa la binti yako. Yeye alipiga picha. Mimi ndimi niliyempiga mara ya pili, mbele ya darasa, bila ridhaa yake." Mtoto anayejifunza kutofautisha mambo hayo mawili ataweza kutazama picha ya mzee wa Upare ya miaka mia moja iliyopita, tangazo la barabarani, au sura yake mwenyewe katika simu, na kuuliza nani alichagua. Hiyo ni elimu ya kusoma, sawa na kusoma maneno.

Maswali na mazoezi kwa mwanachuo

1. Sikiliza mazungumzo ya watu kwa wiki moja. Andika sentensi zote ulizozisikia zenye "kupiga picha" na "kupigwa picha". Je, madai ya makala haya kuhusu kauli hizo yanathibitika katika kijiji chako?

2. Mtembelee mzee mmoja anayekubali kukuonyesha picha yake ya ujana. Mwulize nani alichagua mavazi, na picha ilikusudiwa nani. Usiipige picha hiyo kwa simu mpaka akuruhusu.

3. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 kwa Darasa la Tatu likitumia fremu ya boksi pekee. Eleza hatua utakazopunguza na sababu zake.

4. Mwenzako katika mazoezi ya kufundisha amesambaza picha ya mwanafunzi asiye na viatu, na misaada imepatikana. Jadili: je, matokeo mema yanahalalisha picha ile? Andika pia neno ambalo ungemwambia mwanafunzi huyo akikuuliza kwa nini ni yeye aliyechaguliwa.